Kompyuta Yako Kiwanjani: Iwe ya Mwisho Kuingia Mashinani

Wasafiri wengi wafikapo penye ukaguzi wa kiwanja cha ndege huiogopa mashine ya eksirei, wakidhani miale yake itafuta kazi zilizohifadhiwa katika kompyuta ya mkononi. Hofu hiyo haina msingi. Miale ile haiharibu kumbukumbu za kompyuta. Hatari kubwa ni ile dakika ambayo kompyuta imekwisha pita upande wa pili, na mwenyewe angali nyuma akivua mshipi na kutoa sarafu mfukoni.

Katika viwanja vingi msafiri hutakiwa kuitoa kompyuta mkobani, kwa kuwa betri na vyuma vyake huficha vitu vingine visionekane pichani. Basi, ndugu msomaji, tanguliza viatu na koti. Kompyuta ifuate mwisho, nawe upite mlangoni mara uionapo imezama mashinani. Ukizuiwa upekuliwe, mwombe mkaguzi kwa adabu akuwekee karibu. Ibandike alama, kwani kompyuta hufanana. Namba yake iandike, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Betri za akiba zisiwekwe katika mizigo ya chini ya ndege, kwani lithiamu ikipata hitilafu huweza kuwaka. Ziingie nawe ndani, ncha zikiwa zimefunikwa. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hukubaliwa.

Kisha, kabla ya safari, acha nakala ya kazi zako nyumbani. Kompyuta huuzwa dukani. Hesabu za mwaka mzima na picha za watoto haziuzwi popote.