MAZUKU HAIFUKUZWI KWA USHUJAA



Sisi wakaaji wa Himbi tunajua mazuku. Ni gesi inayopanda kutoka chini ya ardhi ya volkeno na kulala mashimoni na mabondeni. Jina lake ni kaboni dioksaidi. Haina rangi, na pua haiisikii. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hujaa shimo kama maji. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, huzidi.

Gesi ikipita sehemu 10 kwa 100 za hewa, mtu huzimia katika dakika chache, kisha hufa. Mtoto na mbuzi hutangulia, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Baba akiruka shimoni kumtoa mwanawe, huanguka naye. Hapo msiba mmoja huwa miwili.

Gesi huondolewaje? Kwa njia tuliyozoea mgodini: kuipa mahali pa kutokea na kuingiza hewa safi. Chumba kilicho chini kitobolewe tundu karibu na sakafu, upande wa mteremko, gesi itiririke nje, mbali na jirani. Moto na uvumba haviiondoi.

Hata ziwa huondolewa gesi. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika gesi hiyo, wakafa watu 1,700 hivi. Mwaka 2001 wataalamu walisimamisha bomba refu ziwani; maji ya chini hupanda yakitoa povu kama chupa ya bia, na gesi hutoka kidogo kidogo. Ziwa letu la Kivu nalo lina gesi nyingi chini. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt huvuta methani kuzalisha umeme, lakini sehemu kubwa ya kaboni dioksaidi hurudishwa ziwani.

Basi nyumbani tushike haya:

1. Watoto wasicheze mabondeni, hasa asubuhi mapema.
2. Anayechimba msingi au choo asiwe peke yake. Afungwe kamba, mwenzake abaki juu.
3. Mshumaa ukizimika, ondoka. Usipozimika, usidhani ni salama.
4. Kichwa kikiuma na pumzi ikienda mbio, panda juu mara moja.
5. Mtu akianguka, usishuke. Mvute kwa kamba, mlaze penye upepo, mpulizie pumzi kinywani ikiwa hapumui, na mwite mganga.

Kamba ni ya bei ndogo. Iwekeni tayari nyumbani.