Askari na Bei ya Bunduki Kuukuu ya Kuwindia

Huenda siku moja askari wa hapa Kigali, awe wa jeshi au wa polisi, akafuatwa na jamaa wa marehemu wenye bunduki ya kuwindia ya urithi, nao wakamwuliza: "Afande, hii yaweza kupata bei gani?" Swali hilo ni zito kuliko lionekanavyo. Akitaja bei ndogo, yatima wamedhulumiwa; akitaja bei kubwa pasipo kuchungulia mtutu, huenda mnunuzi akauziwa kitu cha kumpasukia usoni.

Jambo la kwanza si fedha. Yafaa tutazame nambari iliyochongwa kwenye chuma na kuilinganisha na ile ya kibali. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004, Rwanda ikiwamo, huzitaka nchi zetu kuzitia silaha alama na kuziandika katika daftari. Bunduki ambayo nambari yake imekwanguliwa haina bei. Hiyo ni kielelezo cha kesi, hata ikiwa imenakishiwa kwa fedha.

Hapo ndipo tuufikie mtutu, ambao ndio moyo wa bei. Baada ya kuhakikisha kwamba hamna risasi ndani, tufungue bolti na kuchungulia kuelekea kwenye mwanga. Mikondo ya ndani iwe na kingo kali, tena ing'ae. Fataki za risasi nyingi za zamani ziliacha chumvi mtutuni. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na mafuta hayaiondoi, bali maji. Hivyo basi bunduki iliyopakwa mafuta kila wiki na bwana wake yaweza kuwa imeliwa na kutu kwa ndani, huku mti wake ukimeta kama kioo. Muuzaji wa hila hujua kuupaka mti vanishi, mtutu haumsitiri. Tukague pia kitako pale pembamba panaposhikwa na mkono, kwani ufa uliogundishwa hapo hupunguza bei sana.

Kisha risasi. Bunduki isiyopatiwa risasi ni fimbo ghali. Bunduki kubwa za Kiingereza za mitutu miwili, zilizokuwa fahari ya wawindaji wa Afrika Mashariki, zilishuka thamani wakati kampuni ya Kynoch ilipoacha kutengeneza risasi zake, karibu na mwaka 1970. Risasi zilipotengenezwa tena miaka mingi baadaye, bei nayo ikapanda. Lakini ile ya .375 Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, ingali inatengenezewa risasi na viwanda vingi, nayo haikosi mnunuzi.

Sheria nayo hupanga bei. Tanzania iliufunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na bunduki iliyokuwa chombo cha kazi ikawa pambo la kabatini. Anayekadiria hana budi kuuliza kwanza mnunuzi halali yuko wapi.

Jina la mwenyewe huongeza thamani likithibitishwa. Mwaka 2011 bunduki ya Westley Richards iliyokuwa mali ya Ernest Hemingway iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 340,000. Lakini maneno ya "babu alisema ilikuwa ya gavana" si hati.

Kadirio liandikwe: nambari, hali ya mtutu, aina ya risasi na tarehe. Na askari aliyekadiria asiwe ndiye mnunuzi, wala shemeji yake.