Dawa ya kifafa yaweza kuvunja nguvu za kidonge cha uzazi

Chukua mfano wa mama anayeishi Illasit, mji wa mpakani katika Kaunti ya Kajiado, mkabala na Tarakea, Tanzania. Kila jioni humeza fenobabitoni ili kuzuia kifafa, kisha humeza kidonge cha kupanga uzazi. Hakosi hata siku moja. Hata hivyo anapata mimba. Mumewe anamlaumu kwamba alisahau, majirani wanasema vidonge vilikuwa bandia. Huenda wote wamekosea.

Fenobabitoni ni dawa ya kutuliza ambayo imetumika tangu 1912. Inapendwa kwa kuwa bei yake ni nafuu. Lakini huchochea ini kufanya kazi kwa kasi, na ini ndilo huvunjavunja homoni za kidonge. Basi homoni hizo hupungua damuni, na yai laweza kukomaa kama kawaida. Fenitoini, kabamazepini na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huleta shida hiyo hiyo. Hata mtu akiacha dawa hizi, athari yake hudumu kwa karibu wiki nne.

Kipandikizi cha mkononi nacho chaweza kupungua nguvu, pamoja na kidonge cha dharura. Kulingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, sindano ya Depo-Provera na koili hazizuiliwi kwa wanaotumia dawa hizi.

Si kila dawa ya kutuliza yenye kasoro hii. Diazepamu, ijulikanayo kama Valium, haipunguzi nguvu za kidonge.

Tatizo ni kwamba dawa ya kifafa hutolewa chumba kimoja na vidonge vya uzazi chumba kingine, au hata ng'ambo ya mpaka. Mhudumu asipoambiwa, hawezi kujua. Beba dawa zako zote uendapo kliniki, na uulize kama zinapatana. Kabla ya kupata njia nyingine, tumia kondomu.

Onyo: usiache dawa ya kifafa ghafla. Kifafa chaweza kukushika mfululizo na kuhatarisha maisha. Ukishapata mimba, usingoje tumbo lionekane. Baadhi ya dawa hizi zaweza kumdhuru mtoto tumboni, na ni daktari pekee awezaye kukubadilishia kwa usalama.