Kifuniko Kimoja cha Pafyumu

Mtu akitoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay huacha baridi ya mashamba ya kahawa na kuteremkia ufukwe wa Ziwa Nyasa, usiofika hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Huko chini mteja wa sabuni ana dai moja kubwa: imtoe shombo la usipa mikononi. Ndipo mtengenezaji anapozidisha pafyumu.

Wengi huipima kwa kifuniko cha chupa. Lakini vifuniko havilingani ujazo, na mafuta yenyewe hayalingani uzito: mililita 10 za mafuta ya karafuu zina gramu 10 na ushei, ilhali za mchaichai hazifiki 9. Mizani ndogo ya jikoni humaliza ubishi huo.

Kwa sabuni ya kipande isiyopikwa, mazoea ya mafundi wengi ni gramu 30 za manukato kwa kila kilo ya mafuta, yaani asilimia 3. Zipo pafyumu za viwandani zinazoruhusu gramu 50 au 60, na yapo mafuta ya kunukia ambayo hata 30 ni nyingi mno. Kikomo cha kweli hutegemea kilichomo ndani ya chupa. IFRA, shirika la kimataifa la wenye viwanda vya manukato lililoanzishwa mwaka 1973, huweka viwango kulingana na matumizi. Sabuni ya kuoshea mwili imo katika kundi la 9, la vitu vinavyosuuzwa. Muuzaji makini wa pafyumu huwa na hati inayotaja kikomo hicho. Asiyekuwa nayo, heri kumpita.

Hapo pana mtego wa hesabu. Fundi hupiga asilimia yake kwa uzito wa mafuta, hati hupiga kwa uzito wa sabuni iliyokamilika. Kilo moja ya mafuta, ikishatiwa maji na kostiki, hutoa rojo la kilo 1.4 hivi, kwa hiyo gramu 30 zilezile ni asilimia 2 na kidogo ya rojo, na hupanda kadiri sabuni inavyokauka. Kwa sabuni, tofauti hiyo humwacha fundi upande salama. Hatari ni kuhamishia kipimo hicho kwenye losheni, ambayo hukaa mwilini kutwa nzima na kwa kawaida kikomo chake ni cha chini zaidi.

Kuwa cha asili si kinga. Mchaichai una sitrali na karafuu ina eujenoli, na zote mbili zimo katika orodha ya Ulaya ya manukato yanayoweza kuleta mzio. Zikizidi asilimia 0.01 katika bidhaa ya kusuuzwa, sharti zitajwe kwenye lebo. Ngozi ikishajifunza kukataa kitu, kwa kawaida hukikataa maisha yote, hata kwa kiasi kidogo.

Karafuu ina ukorofi wa ziada. Mafuta yake, kama yale yanayozalishwa Wawi, Pemba, yamejaa eujenoli, nayo huharakisha kuganda kwa rojo lenye kostiki. Fundi aliyemimina kwa mkono mzito huliona likishupaa kwenye ndoo kabla hajafikia kalibu ya kumwagia. Gramu 5 hadi 10 kwa kilo zinatosha, na harufu yake hudumu.

Mbinga nako kuna tatizo lake. Mawese, yanayokamuliwa Kyela kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilohilo, huwa laini kwenye joto la Mbamba Bay lakini huganda Mbinga msimu wa baridi, Juni na Julai. Rojo likipoa mno huonekana zito kama uji ulioiva, kumbe ni mafuta yaliyoganda tu, kostiki haijafanya kazi. Fundi akitia pafyumu wakati huo, mafuta, pafyumu na kostiki huweza kujitenga kwenye kalibu: juu ya kipande panatoka jasho la mafuta, na huenda ndani pakabaki mifuko ya kostiki inayounguza. Kipimo kilikuwa sahihi. Mafuta ndiyo hayakuyeyushwa vya kutosha kabla ya kuchanganywa.