Nchi Jirani: Ramani ya Mawimbi na Usalama wa Ziwa Victoria

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanyika baina ya nchi tatu: Tanzania yenye karibu nusu ya maji yote, Uganda yenye sehemu kubwa ya nusu iliyosalia, na Kenya yenye pembe ya mashariki kuzunguka Ghuba ya Winam. Katika karatasi, mpaka umepigwa kwa rula juu ya maji. Katika maji yenyewe hakuna alama yoyote. Samaki, dhoruba na wahalifu huvuka mpaka huo bila kubisha hodi, na mawimbi ya redio na ya simu hufanya vivyo hivyo.

Kwa askari polisi wa doria za majini, na kwa mwanajeshi aliyepangiwa kulinda kisiwa au mwalo ulio mbali na makao yake, kuna swali moja lililo zito kuliko mengine: je, mahali hapa, saa hii, mtu akiita atasikika? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, chombo cha MV Templar kilizama karibu na pwani ya Mukono nchini Uganda na kuua watu zaidi ya 30. Kila ajali ina sababu zake, na uchunguzi wake ni kazi ya vyombo vinavyohusika. Lakini kila ajali ya majini hukumbusha jambo moja, kwamba baina ya chombo kuzama na mwokozi kufika kuna dakika chache, na dakika hizo hutegemea mawasiliano.

Hapo zamani, kamanda aliyetaka kujua mawimbi yake yanafika wapi hakuwa na njia ila kujaribu. Askari alipewa simu ya upepo, akapanda kilima au akaingia ndani ya mtumbwi, akaita kila baada ya mwendo fulani mpaka sauti ikakatika. Siku hizi kazi hiyo huanzia mezani. Programu ya kompyuta huchora ramani ya eneo zima kwa rangi: mahali penye mawimbi yenye nguvu, mahali pa wastani, mahali pa kubahatisha, na mahali pa kimya. Ili kuchora ramani hiyo, programu huhitaji mambo matatu.

La kwanza ni sura ya nchi. Mnamo Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada vimo vya milima na mabonde katika asilimia 80 hivi ya nchi kavu yote. Kwa miaka mingi vipimo vilivyotolewa kwa ajili ya Afrika vilikuwa vya hatua ya mita 90. Kuanzia Septemba 2014 vipimo vya hatua ya mita 30 viliachiliwa kwa matumizi ya wote, na Afrika ndiyo iliyotangulia kupewa. La pili ni habari za mtambo wenyewe: mnara uko wapi, antena iko juu kiasi gani, inaelekea upande gani, inatumia nguvu ngapi na masafa gani. La tatu ni kanuni ya jinsi mawimbi yanavyodhoofika njiani. Wataalamu wa Marekani, Anita Longley na Philip Rice, walitoa kanuni yao mwaka 1968. Mwaka huo huo Mjapani Okumura alitangaza vipimo alivyovipata katika Tokyo na vitongoji vyake, na mwaka 1980 mwenzake Hata akavigeuza kuwa hesabu nyepesi. Kanuni hizo zimekwisha kuwa za umri mkubwa, lakini hadi leo zimo ndani ya programu nyingi za kazi hii. Miongoni mwa programu hizo zipo zinazopatikana bila malipo, kama vile Radio Mobile iliyotungwa na Roger Coudé wa Kanada, na SPLAT! ambayo hutumia kanuni ya Longley na Rice. Kwa hiyo ukosefu wa fedha peke yake hauwezi kuwa udhuru wa kutokuwa na ramani.

Juu ya ziwa hesabu hii ina mambo yake ya pekee. Mtu aliyesimama ufukweni hudhani kwamba, kwa kuwa maji ni tambarare wala hayana mlima, mawimbi yatakwenda bila kikomo. Sivyo. Dunia ni mviringo, na maji hufuata mbinuko wake. Antena iliyo mita 60 juu ya maji huwa na upeo wa redio wa kilomita 32 hivi. Simu iliyoshikwa na mvuvi, mita mbili tu juu ya maji, ina upeo wa kilomita sita hivi. Ukijumlisha ni kilomita 38, na zaidi ya hapo maji yenyewe husimama katikati kama ukuta. Tena simu za kizazi cha pili zina kikomo kingine: kwa utaratibu wa kawaida, mtambo hauwezi kuhudumia simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanafika, kwa sababu muda uliopangwa wa kusubiri jibu huwa umekwisha. Zaidi ya hayo, maji huakisi mawimbi kama kioo. Wimbi lililokuja moja kwa moja hukutana na lile lililoruka juu ya maji, na mara nyingine mawili hayo huuana. Ndiyo maana boti husikika vizuri mahali fulani, ikasogea kidogo ikapotea, kisha ikasikika tena. Visiwa navyo huweka vivuli. Mashua iliyotia nanga nyuma ya kilima cha kisiwa yaweza kukosa mnara ambao mashua iliyo mbali zaidi, mahali pa wazi, inaupata bila shida.

Mwaka 2008 elimu hiyo ilitiwa katika vitendo. Kampuni ya mitambo ya Ericsson, kampuni ya simu ya Zain iliyokuwa ikitoa huduma Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na umoja wa kampuni za simu duniani, GSMA, walitangaza mradi wa kupeleka mawimbi ya simu ndani ya ziwa. Makadirio yaliyotajwa wakati huo yalisema watu 5,000 hivi walikuwa wakifa kila mwaka katika maji hayo. Mradi ulihusu vituo 21 vya mitambo, na shabaha ilikuwa mawimbi yafike hadi kilomita 20 kutoka ufukweni, mahali wavuvi walio wengi hutega nyavu zao. Jambo la kuzingatia ni kwamba vituo hivyo havikuwekwa ovyo. Kwanza ilijulikana watu wanafia wapi na mawimbi yanakomea wapi. Kisha ndipo mitambo ikaelekezwa huko. Mwaka 2010 biashara ya Zain katika nchi hizo ilinunuliwa na kampuni ya Airtel ya India, na tangu wakati huo minara mingi ya kampuni mbalimbali imeongezeka. Nao mwaka 2016 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa mawasiliano na usafiri wa ziwa hilo, ambao kiini chake ni kituo cha kanda cha uokoaji mjini Mwanza.

Hata hivyo, ramani iliyochorwa na kompyuta ni utabiri. Bado si ushahidi. Programu inajua kilima kilichopimwa mwaka 2000, lakini haijui ghala la bati lililojengwa juzi kando ya mwalo. Inajua antena iliyoandikwa katika jalada, lakini haijui kwamba upepo umeipindua antena hiyo ikaelekea kwingine. Marekani, nchi yenye utajiri na utaalamu mwingi, ililipata somo hili waziwazi. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilituma watumishi wake kupima ukweli wa ramani zilizoletwa na kampuni za simu. Walisafiri kilomita zipatazo 16,000 katika majimbo 12, wakafanya majaribio zaidi ya 24,000. Katika majaribio hayo, ni asilimia 62 hivi tu yaliyofikia kasi iliyotakiwa. Ramani zilisema ndiyo. Ardhi ikasema hapana.

Kwa sababu hiyo utabiri hufuatwa na upimaji. Vifaa vyake ni vyepesi: simu au kipokezi kilichounganishwa na programu, na kipimio cha setilaiti kinachoonyesha mahali kilipo. Boti huenda kwa mwendo wa polepole ikifuata njia zilizopangwa, na kila sekunde chache programu huandika mahali, saa, mnara unaosikika na nguvu ya mawimbi. Nguvu hiyo huhesabiwa kwa desibeli, nazo huandikwa chini ya sifuri. Hasi 70 ni nguvu nzuri. Hasi 110 ni kushika kwa kubahatisha. Yafaa askari aelewe kwamba hesabu hii haiendi kama ya mizani ya sokoni. Kila desibeli tatu zinazopungua, nguvu hubaki nusu; zikipungua kumi, hubaki sehemu moja ya kumi. Mtu aliyetoka hasi 90 akaingia hasi 100 amepoteza tisa katika kumi ya nguvu aliyokuwa nayo.

Upimaji wa kweli hufanywa katika hali ya kweli. Kipokezi kilichofungwa juu ya mlingoti hakisemi lolote kuhusu simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kutiwa kiunoni mwa mvuvi aliyelowa. Yapasa kupima mchana na usiku, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa kuwa hali ya hewa juu ya maji hupinda mawimbi. Na kila ramani iandikwe tarehe yake, chombo kilichotumika, kimo cha antena na masafa yaliyopimwa. Ramani isiyo na tarehe ni sawa na taarifa ya adui isiyo na saa.

Hapa ndipo suala la ujirani linapoingia. Simu hutafuta kwanza mtandao wake wa nyumbani, lakini ukikosekana yaweza kushika mnara wa nchi jirani. Mvuvi aliye katika maji ya Tanzania karibu na mpaka huweza kujikuta anasikika Uganda au Kenya. Akipiga 112, namba ya dharura inayotambuliwa na simu za mkononi duniani, wito wake utashughulikiwa na nchi yenye mnara, ingawa yeye anazama katika maji ya nchi nyingine. Afisa wa zamu atakayeupokea wito huo anapaswa kujua mara moja ni kituo gani cha jirani kilicho karibu zaidi, na awe na namba yake mezani. Kama kila nchi itachora ramani yake hadi kwenye mpaka na kuacha upande wa pili mweupe, basi mahali pa hatari zaidi patakuwa ndipo mahali pasipojulikana na yeyote.

Milango ya ushirikiano imekwisha kufunguliwa. Wasimamizi wa mawasiliano wa kanda hukutana katika chombo chao, EACO, chenye makao mjini Kigali. Vilevile kuna utaratibu wa Afrika wa kupatanisha masafa mipakani, uitwao HCM4A, uliotokana na ule wa Ulaya, ambao hutumia programu moja kwa nchi zote ili pasiwe na ubishi kwamba mawimbi ya nani yamevuka na kwa nguvu kiasi gani. Utaratibu huo ulikusudiwa hasa kuzuia mawimbi kuingiliana. Lakini hesabu ile ile inayomwonyesha fundi mahali mawimbi yanapozidi, humwonyesha mwokozi mahali yanapokosekana.

Sharti moja halina budi kuongezwa. Ramani inayomwonyesha askari mahali pasipo na mawasiliano humwonyesha pia mwizi wa mashine za boti na nyavu mahali ambapo mhasiriwa wake hawezi kuita msaada. Kwa hiyo habari za jumla, ambazo humsaidia mvuvi kujua asiende wapi peke yake, zienezwe kwa wananchi wote. Bali zile za undani, hasa za mitambo ya majeshi ya ulinzi na usalama, zitunzwe kama zinavyotunzwa nyaraka nyingine za kazi.

Kwa kamanda wa kituo, hitimisho la mambo haya ni jepesi kulieleza, ingawa lahitaji nidhamu kulitekeleza. Doria isitoke kabla ya kuangaliwa ramani ya mawimbi, kama isivyotoka kabla ya kuangaliwa mafuta. Pale ramani inapoonyesha kimya, chombo kichukue simu ya upepo ya masafa yanayofaa, na makao yaachiwe saa ya kutoka, njia na saa ya kurudi, ili ukimya ukipita saa hiyo utafutaji uanze bila kungoja wito. Pale vipimo vya boti vinapopingana na rangi za kompyuta, vipimo ndivyo vifuatwe, na ramani isahihishwe. Na pale mpaka unapopita, vipimo vya upande huu viunganishwe na vya upande wa pili.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika Ziwa Victoria dhiki huja na dhoruba ya usiku, na rafiki hupimwa kwa kusikia wito na kujua umetoka wapi. Nchi tatu zinazokunywa maji ya ziwa hilo zina minara, zina wataalamu na zina vipimo. Vipimo hivyo vikikutanishwa juu ya karatasi moja, mpigaji wa 112 hatahitaji kujua amezama upande gani wa mstari.