Je, Wajua? Mabishano ya Madume Bondeni Katavi

JE, WAJUA kwamba Tanzania haina ayala wa porini hata mmoja? Yule tunayemwimba kanisani kwa Zaburi ya 42, Afrika nzima ana ndugu mmoja tu wa asili, anayeishi Algeria na Tunisia. Marekani wapo tele: kila Septemba watu humiminika Yellowstone kusikiliza madume ya wapiti, aina ya ayala, yakipiga mluzi kuita majike.

Je, wajua kwamba pembe za wapiti hudondoka na kuota upya kila mwaka, ila nyamera wetu, aina ya swala, akivunja yake ndiyo basi tena?

Je, wajua kwamba mtu wa Sumbawanga hahitaji viza kuona vituko vya madume vya namna hiyo? Kilomita kama 200 kuelekea Mpanda ipo Sitalike, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Toka alfajiri na sweta, maana mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukishateremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, kufikia saa nne sweta ni mzigo.

Je, wajua kwamba dume la nyamera ni tapeli? Hupanda juu ya kichuguu, kifua mbele, aonekane na wapinzani na majike pia. Watafiti waliowafuatilia Masai Mara, Kenya, walichapisha mwaka 2010 kisa kitamu: jike lililo kwenye joto likitaka kuondoka, dume hukodoa macho kule linakoelekea na kukoroma kama kwamba kuna simba. Simba hayupo. Jike hurudi, na dume hupata muda wa kumpanda. (Wanaume, msijifunze.)

Je, wajua kwamba Oktoba, mvua za Novemba zikiwa bado, mabwawa ya mto Katuma hukauka hadi mamia ya viboko hubanana kwenye tope moja? Hapo ndipo madume hung'atana hasa, meno nje, migongo imejaa makovu. Mamba nao hujichimbia mapangoni kwenye kingo za mto. Viboko wengine utawaona hapo hapo darajani Sitalike, lakini abiria wengi wa basi la Mpanda hupita wakichezea simu!

Je, wajua kwamba mbung'o wa Katavi huvutwa na nguo za bluu na nyeusi? Ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki.