Kabla ya kupaka upya gitare ya kwaya



Katika parokia nyingi, gitare ya kwaya ikianza kuchubuka, mtu mwenye nia njema hununua kopo la verni ya milango na kuipaka yote. Inang'aa, lakini sauti yake inafifia. Tunapenda kueleza sababu, ili chombo ambacho waamini walichangia kisiharibike.

Sauti ya gitare isiyo ya umeme hutoka hasa kwenye ubao wa mbele. Unene wake ni milimita 3 hivi tu, maana lazima utikisike nyuzi zinapopigwa. Kila kinachopakwa juu yake huongeza uzito na kuukaza. Kwa hiyo mafundi hutafuta tabaka jembamba, linalokinga mbao na jasho bila kuizuia kutikisika.

Shelaki hutokana na utomvu wa wadudu wa India na Thailand, unaoyeyushwa katika alkoli na kupakwa kwa kitambaa, kidogo kidogo. Ni nyembamba sana, na gitare nyingi za klasiki za bei kubwa bado hupakwa hivyo. Lakini alkoli huiyeyusha tena: aliyepaka mikono dawa ya alkoli mlangoni mwa kanisa angoje ikauke kabla ya kushika gitare ya namna hiyo.

Laka ya nitroselulosi ilienea viwandani tangu miaka ya 1920. Martin na Gibson wa Marekani wanaitumia hadi leo. Ikichubuka, fundi huongeza laka mpya, nayo huungana na ya zamani. Ila hugeuka manjano kwa miaka, hupata nyufa baridi na joto vikibadilika ghafula, na mvuke wake wakati wa kupaka hushika moto upesi.

Poliuretani na poliesteri ndizo zilizo kwenye gitare nyingi za bei nafuu. Ni ngumu, hazijali jasho. Zikiwa nene hupunguza sauti. Zikishakauka haziyeyuki tena, kwa hiyo verni mpya hukaa juu tu na mara nyingi hubanduka.

Mafuta huingia ndani ya mbao; ni rahisi kupaka, lakini hulinda kidogo.

Ni ipi bora? Unene una maana kuliko jina. Tena aina ya mbao, ufundi wa ndani na nyuzi hubadilisha sauti kuliko verni yoyote.

Basi mikwaruzo midogo iacheni. Pangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Mahali ambapo mbao imebaki tupu, fundi apake hapo tu, baada ya kujua kilichopakwa zamani. Agusishe pamba yenye alkoli mahali pasipoonekana: panaponata upesi ni shelaki. Pakibaki pagumu, ajaribu asetoni: panapolainika ni laka, pasipolainika, yaelekea ni poliuretani au poliesteri.

Tena, ndani ya gitare kwa kawaida hamna verni, kwa hiyo unyevu na ukavu huingia kwa tundu. Msiiache chini ya mabati ya moto wala ukutani penye unyevu. Irudi katika mfuko wake.

Fedha ya kopo lile inunue nyuzi mpya. Zaburi ya 150 inaita hata vyombo vya nyuzi kumsifu Mungu. Kuvitunza ni sehemu ya huduma hiyo.